Kikombe Juu ya Dashibodi

Kila alfajiri fundi makochi aliamka kabla ya mkewe, akanawa uso, akatoka kwenda kupakia mzigo. Yeye alitengeneza makochi na mkewe alishona vitambaa vyake. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana, kimejaa mbao, sponji na nyuzi zilizomfuata mtu hadi kitandani. Kochi likikamilika lilipandishwa kwenye pikapu, likapelekwa kwenye ghala la samani upande wa pili wa mji. Fundi alipenda kwenda mapema, barabara ikiwa tupu. Kochi ni kitu kikubwa, na foleni haina huruma.

Pikapu ilikuwa kuukuu lakini ilitunzwa. Bila pikapu hakuna kazi, na bila bima pikapu hairuhusiwi barabarani. Kwa hiyo siku wakala wa bima alipokuja na habari mpya, mume na mke waliweka nyundo na mkasi chini, wakamsikiliza.

"Bima hii inakupima wewe mwenyewe," wakala alisema. "Unaweka programu kwenye simu. Programu inaangalia unavyoendesha. Ukiendesha vizuri, mwakani unalipa kidogo. Dereva makini kama wewe, kwa nini ubebe mzigo wa wazembe?"

Fundi alivimba kichwa kidogo. Nani hapendi kusifiwa mbele ya mkewe? Akatia sahihi pale pale, bila kusoma, akarudi kwenye misumari yake.

Kuanzia hapo, kila safari ilipewa alama. Mwendo kasi ulikata alama. Kona kali ilikata alama. Kushika simu, kuendesha kabla ya jua kuchomoza, na zaidi ya yote kukanyaga breki ghafla, vyote vilikata alama. Binti yao akaligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Wakati wa chakula cha jioni alichukua simu ya baba yake, akasoma alama za siku kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Kwa kila breki kali aligonga sahani kwa kijiko.

"Ngaa. Breki moja, baba. Ngaa. Ya pili hiyo."

Meza nzima ilicheka, na fundi alicheka nao. Lakini moyoni alikereka. Alikuwa mtu wa kazi safi. Hata msumari uliopinda, usioonekana na mteja yeyote, ulimnyima raha.

Siku moja akachukua kikombe cha bati, akakijaza maji nusu, akakibana juu ya dashibodi kwa kipande cha sponji.

"Maji yasipomwagika, alama hazikatwi," alimweleza mkewe.

"Siku hizi unaendesha kikombe," mkewe akamwambia, "gari linakufuata tu."

Alitania. Lakini alama zilipanda kweli, na kijiko cha binti kikakaa kimya. Fundi akajifunza kukanyaga breki kwa ncha ya mguu, taratibu, jicho moja kwenye maji. Akajiona bingwa.

* * *

Pale ghalani kulikuwa na mlinzi ambaye watu wote walimwita Komando, kwa sababu ya mabuti yake mazito. Kila alfajiri yeye ndiye aliyevuta kizuizi cha chuma getini, akampisha fundi. Walizoeana. Komando alikuwa na desturi ya kulipapasa kila kochi na kusema kwamba siku moja atakalia moja, ajue matajiri wanajisikiaje.

Asubuhi ile fundi alikata kona ya kuingia getini akiwa na makochi mawili mgongoni mwa gari. Komando alikuwa mbele, amempa mgongo, anahangaika na kizuizi kilichokwama. Fundi alimwona. Alimwona vizuri kabisa. Mguu wake ukaenda kwenye breki, na jicho lake likaenda kwenye kikombe.

Akakanyaga taratibu. Alijua gari litasimama, maana siku zote lilisimama. Lakini mzigo wa siku ile ulikuwa mzito. Gari likasogea, polepole tu, kwa mwendo wa mtu anayetembea, likambana Komando kwenye nguzo ya geti.

Fundi hajaisahau sauti ile mpaka leo.

Walimpeleka hospitali wakiwa wamemlaza kwenye mojawapo ya makochi yale, nyuma ya pikapu. Goti lilikuwa limepondeka. Fundi aliporudi kwenye gari kuchukua simu ampigie mkewe, alikuta ujumbe unamsubiri. Ulisema: Hongera. Safari laini. Alama tisini na sita.

Juu ya dashibodi, maji kikombeni yalikuwa yametulia.

Jioni hiyo binti alichukua simu kwa mazoea. Akatazama, akazisoma alama kimya kimya. Kisha akakiweka kijiko mezani, akaenda kulala bila kula.

* * *

Fundi alikwenda wodini akiwa na chungwa moja la kummenyea mgonjwa, na aibu ya kuujaza mji mzima. Komando alikuwa amelala, mguu umefungwa plasta, umeinuliwa juu.

"Uliniona?" Komando akauliza. Hata salamu hakuitoa.

"Nilikuona."

"Sasa mbona hukukanyaga breki?"

Fundi akaanza kumenya chungwa. Alimenya mpaka ganda lote likaisha.

"Sijui," akasema.

"Daktari anasema goti halitakunjika tena," Komando akasema, akitazama dari. "Mlinzi asiyeweza kukimbia ni wa kazi gani? Hata mwizi atanionea huruma."

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kulia, akashindwa vilevile. Akaliacha lile chungwa juu ya kabati, akaondoka.

Nyumbani kazi ilisimama. Mkewe alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Simu ikaita. Ilikuwa kampuni ya bima.

"Tumepitia kumbukumbu za safari yako," sauti ilisema. "Hazionyeshi mwendo kasi wala breki ya ghafla. Uliendesha vizuri sana. Je, yule mlinzi alijitupa mbele ya gari? Maana kama alijitupa, kampuni huenda isilipe matibabu yake, na bei yako isiguswe."

"Nitawajibu kesho," fundi akasema, akakata simu.

"Wanakufungulia mlango wa kutokea," mkewe akasema polepole.

"Mlango wenyewe unapita juu ya mguu wa Komando."

"Najua. Lakini sisi tutakula nini bei ikipanda?"

Waliketi, kila mtu akitazama ukuta wake. Fundi alijiona amekwisha. Akidanganya, Komando anabaki kilema asiye na matibabu. Akisema kweli, pikapu huenda ikakaa chini, na familia nayo.

* * *

Jirani yao wa ng'ambo ya ua alikuwa amefanya kazi ya bima mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kupokea madai ya watu waliopata ajali. Mtaani walimwita Mama Soma-Kwanza, kwa vile hata sabuni hakuinunua bila kusoma karatasi yake. Cherehani iliponyamaza kutwa nzima, alijua kuna jambo. Akabisha hodi, akakaa kwenye kochi lisilokamilika, akasikiliza kila kitu. Binti akaja kusimama mlangoni.

"Kwanza tuizungumze hiyo simu," mama yule akasema. "Simu inajua kutikisika tu. Inajua gari limekimbia, limekata kona, limesimama ghafla, na ni saa ngapi. Macho haina. Haikujua kwamba mbele yako kuna mtu."

"Lakini ilinipa tisini na sita," fundi akasema, kama mtoto anayemshtaki mwenzake.

"Ilikupa kwa sababu ulifanya inachopenda. Barabara ilitaka kitu kingine."

"Basi breki kali siyo kosa?"

"Zikiwa nyingi ni dalili mbaya. Zinaonyesha unamfuata mwenzako karibu mno, au hutazami mbali. Dawa yake ni kuacha nafasi na kupunguza mwendo mapema, hasa ukiwa na mzigo. Siyo kuiogopa breki. Mtu akiwa mbele yako, kanyaga mpaka mwisho. Alama zikatwe zote, zikaoze huko."

Fundi aliinamisha kichwa. Maneno yalikuwa rahisi, na yalikuwa yamechelewa.

"Kwa hiyo bima hii ni wizi," mkewe akasema kwa hasira.

"Hapana, mwanangu. Dada yangu anayo na inamfaa. Anaendesha mara chache, mchana, kwenda sokoni na kurudi. Lakini mumeo anabeba makochi alfajiri. Kwa programu, giza ni hatari, hata kama barabara ni tupu. Mmeuziwa kitambaa kizuri cha kochi la mtu mwingine. Leteni huo mkataba. Mliusoma?"

Fundi akautoa kabatini, bado umekunjwa.

Mama alivaa miwani, akapitisha kidole. "Hapa panasema bei inaweza kupanda, siyo kushuka tu. Wakala aliwaambia?"

"Alituambia kushuka," mkewe akasema.

"Na kupanda mlimwuliza?"

"Hatukumwuliza," fundi akasema.

Binti akasogea. "Bibi, kuna siku baba alipanda gari la mjomba. Mjomba aliendesha kama amefumba macho, halafu baba ndiye aliyekatwa alama."

"Ilidhani baba yako ndiye dereva. Hilo nalo ni la kuuliza mapema, kama safari ya namna hiyo inafutika. Tena uulize nani mwingine anaona unakokwenda, na ukitaka kutoka unatokaje." Akavua miwani. "Na kabla ya yote uliza bei ya bima ya kawaida, uziweke mbili pamoja mezani, uone. Mtu asiyelinganisha ananunua maneno."

"Na Komando?" fundi akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Bima yako inapaswa kumlipa mtu uliyemgonga. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, kabla ya haya mambo ya alama. Lakini waeleze ilivyokuwa. Ukisema alijitupa, umewapa sababu ya kumnyima."

"Nikisema kweli bei itapanda."

"Itapanda," mama akasema. "Sikuja kukudanganya."

* * *

Asubuhi fundi alipiga simu, mkewe kando yake.

"Hakujitupa," alisema. "Nilimwona. Nilikanyaga breki polepole kwa makusudi, ili nisikatwe alama. Kosa ni langu."

Upande wa pili wakamwomba arudie. Pengine hawakuwahi kusikia kosa la namna hiyo.

Kisha akaenda wodini, akamwambia Komando maneno yale yale, na habari ya kikombe. Hilo lilikuwa gumu kuliko simu.

"Kwa hiyo uliniona mimi," Komando akasema, "ukaangalia kikombe."

"Ndiyo."

Komando akageukia ukutani. Fundi alisubiri aambiwe neno, hata tusi. Mwishowe akaondoka.

Kampuni ililipa matibabu, na baada ya kuzungushana sana ililipa na fidia ya mguu. Bei ya fundi ilipanda, kama alivyoambiwa. Mwaka wa bima ulipokwisha, mume na mke hawakuharakisha. Walichukua mikataba ya kampuni kadhaa, ya kupimwa na ya kawaida. Jioni, binti aliisoma kwa sauti mezani, ukurasa kwa ukurasa, bila utani wa mpira. Palipokuwa na neno wasilolielewa, aligonga sahani kwa kijiko, nao wakaliandika wamwulize Mama Soma-Kwanza. Wakachagua bima ya kawaida. Haikuwa rahisi, maana ajali ile iliwafuata hata huko, na mwaka ule walikula kwa kubana. Lakini safari hii walijua wanalipia nini, na programu ikafutwa kwenye simu. Kikombe kilirudi jikoni. Hakuna aliyekinywea tena.

Goti halikupona. Komando alirudi getini na magongo, na kizuizi kikawa kinavutwa na mtu mwingine. Fundi alimtengenezea kiti kirefu chenye sponji nene na mahali pa kunyooshea mguu, akakileta mwenyewe. Komando alikipapasa kama alivyozoea kupapasa makochi. Akakikalia. Asante hakuisema, na fundi hakuitegemea.

Waliendelea hivyo, kusalimiana kwa kichwa tu. Mpaka alfajiri moja fundi alipokuwa anakata kona ya kuingia getini, mzigo mgongoni. Mtu mwenye mkokoteni wa mbao akachomoza nyuma ya ukuta, mbele ya gari kabisa.

Fundi alikanyaga breki mpaka mwisho. Magurudumu yakalia. Kochi likaruka likagonga kibanda cha gari, mguu mmoja wa kochi ukavunjika. Pikapu ikasimama. Mtu wa mkokoteni akageuka, akamtukana kidogo, akapita zake mzima.

Fundi aliweka paji la uso kwenye usukani, akalia. Gari lilikuwa lile lile, na geti lile lile. Kukanyaga kwenyewe kulikuwa kitu kidogo kiasi hicho.

Alipoinua kichwa, Komando alikuwa anamtazama kutoka kwenye kiti chake, mguu umenyooka mbele kama mti.

"Kumbe breki unazo," Komando akasema.