Machungwa Kwenye Hema la Kijani

Kila Ijumaa jioni sebule yao haikuwa na pa kukanyaga. Mahema yalirundikwa kwenye makochi, vigingi chini ya meza, masufuria mlangoni, na moshi wa safari iliyopita ulinuka hadi kwenye mapazia. Kazi ya mama ilikuwa kuwapeleka watu wa mjini kulala msituni, mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari. Mjomba aliendesha pikapu. Mama alipika na kuongoza. Binti yake wa darasa la sita naye alikuwa na kazi yake: ukaguzi.

Wakishafika kambini, yeye alipita hema kwa hema akikusanya kila kitu chenye harufu, hata peremende, hata dawa ya meno, na kukifungia kwenye sanduku la chuma nyuma ya pikapu. Wanyama hufuata harufu. Hakuwa na huruma kabisa. Aliwahi kumnyang'anya bosi mmoja wa ofisini, mtu mzima na kitambi chake, karanga alizoficha ndani ya soksi. Tangu siku hiyo mjomba akamwita Kamanda, na jina likamganda.

Hema moja tu halikukaguliwa na mtu, lile la kijani, alilolala Kamanda mwenyewe na mdogo wake, Bonge. Nani angemkagua mkaguzi?

Jumamosi hiyo wageni walikuwa familia mbili zenye watoto wengi, na watoto hao walikuwa walaji. Kabla ya kufika msituni walikuwa wamemaliza ndizi zote. Kamanda akayafikiria machungwa yake. Shangazi alimletea kutoka shambani, matamu, ganda jembamba, mfuko mzima. Yakiingia kwenye sanduku, jioni mama atayagawa na yeye ataambulia kipande. Basi akayasukuma ndani ya begi lake, akalilaza begi hemani chini ya blanketi. Kesho atakula na Bonge. Nani atajua?

Mahema yalipokwisha kusimama, akaja Afande. Huyu alikuwa mama mmoja, askari wa wanyamapori, na alisema polepole kiasi kwamba watu walinyamaza wenyewe ili wamsikie. Aliwaeleza kuwa kuna tembo dume mwenye pembe moja iliyovunjika. Kambi ya jirani walimwachia matunda hemani, akaonja, na sasa kila hema kwake ni kibanda cha matunda.

"Kambi nitakayokuta chakula hemani inafunga virago siku hiyo hiyo," alisema. "Na kibali cha mwenye kambi nakichukua."

Mama akamshika Kamanda bega mbele ya wageni wote. "Kwangu usiwe na wasi, Afande. Nina huyu."

Kamanda alitabasamu. Kibali kile ndicho kilichowalipia kodi ya nyumba na ada ya shule. Alitaka kwenda kuyatoa machungwa pale pale, lakini watu wangemwona. Akajiambia atayatoa wakitawanyika. Wakatawanyika, mama akamwita akasugue masufuria.

Baada ya chakula cha mchana, kabla Kamanda hajapata nafasi ya kwenda hemani, Bonge alienda kulala. Wageni walijilaza kwenye kivuli cha pikapu, Afande akapewa chai. Mara tawi likavunjika huko kwenye miti. Mjomba akadhani ni mgeni anakata kuni mbichi. Akasimama, mikono kiunoni, akaanza kufoka kwamba kuni zimeletwa za kutosha na kama mtu haoni akanunue miwani. Akakatisha maneno katikati. Kati ya miti alikuwa amesimama tembo, na pembe yake moja ilikuwa imevunjika.

Afande hakupiga kelele. Kwa ishara ya mkono aliwapeleka watu wote nyuma ya pikapu, kisha akauliza nani amebaki.

"Bonge," mama alisema. "Amelala hema la kijani."

Alikuwa ameshaanza kukimbia. Afande akamdaka mkono. Alimweleza harakaharaka kwamba akikimbia atamshtua tembo. Hema lisilo na kitu halimhusu tembo. Atakuja jikoni kwenye masufuria, na hapo mjomba atampigia honi, naye tembo atageuka na kurudi porini. Mtoto hataguswa.

"Lakini kwanza niambieni," alisema. "Mahemani kuna kitu?"

"Hakuna," mama alijibu. "Kamanda amekagua."

Kamanda akatazama chini. Mjomba alikwisha kukaa kwenye usukani, kiganja juu ya honi.

Tembo akaingia kambini. Alifika jikoni, akalipita sufuria la wali kama halioni. Akainua mkonga, akaupeleka huku na huku, halafu akageukia mahema.

Afande akakunja uso. "Huyu anafuata kitu."

Kamanda akapiga hesabu. Akisema, kibali kimekwenda, na mama ametoka kumtolea ushahidi mbele ya watu. Asiposema, labda honi itamfukuza tembo. Labda. Akaitazama zipu ya hema la kijani. Ilikuwa wazi nusu, na mguu wa Bonge mmoja ulikuwa nje, una soksi.

"Mjomba, usipige," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Kuna machungwa hema la kijani. Kwenye begi langu. Bonge ameliegemea."

Mama hakumgombeza. Hata hakumtazama. Alichukua kisu cha jikoni.

Afande alimwambia mjomba atoe mkono kwenye honi, maana tembo mwenye chakula mbele yake hakimbii, anakasirika. Wale wanawake wawili wakazunguka nyuma ya mahema wameinama. Kamanda aliuona mkonga ukigusa zipu. Aliuona mguu wa Bonge ukivutwa ndani, na hakujua nani ameuvuta. Turubai likatikisika. Mkonga ukaingia wote.

Kamanda akauma kola ya shati lake.

Kisha mama akatokea nyuma ya hema la mwisho, Bonge begani, kiganja kikimziba mdomo. Afande alikuwa nyuma yao, anarudi kinyumenyume, macho kwa tembo. Walikuwa wamepasua ukuta wa nyuma wa hema na kumtolea hapo.

Tembo alivuta begi, na hema zima likafuata. Akayala machungwa yote, taratibu. Alipomaliza akapangusa mkonga kwenye majani akaondoka.

Bonge alikuwa nusu usingizini. "Mama," alisema, "yale yalikuwa yetu."

Mjomba alicheka mpaka akalia, au labda alianza na kulia.

Kamanda alimfuata Afande, akamwambia kosa ni lake, mama hakujua chochote. Afande alijibu kuwa amesikia, ila jina lililo kwenye kibali ni la mama. Mama akakitoa mwenyewe kwenye gari, akamkabidhi. Wakafunga virago. Njia nzima mjomba hakumwita Kamanda.

Kibali kilikaa kwa Afande hadi mvua zilipoisha. Alikirudisha kwa sababu mtoto alisema kabla mtu hajaumia, na kwa sharti moja: kambi ibadilishe ukaguzi wake.

Jioni kibali kiliporudi, mama aliwatoa wengine sebuleni, akatandaza hema la kijani. Yeye na binti yake walikaa huku na huku kwenye ule mpasuko, wakishona kwa uzi mwekundu kwa kuwa wa kijani haukuwepo.

"Nilipomwambia Afande hakuna kitu, sikuwa nimeona kwa macho yangu," mama alisema. "Nilikuwa na neno lako tu. Na Bonge alilala kwa neno lako hilo hilo. Mtu akikuamini hakagui tena, mwanangu, anafumba macho. Ndiyo maana uongo wako unamwumiza yeye kabla haujakuumiza wewe. Ukikosea, sema. Sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa. Siku ile ulichelewa, lakini ulisema, na ndiyo maana leo nashona hema tu."

Safari iliyofuata, kabla ya kugusa mzigo wa mtu, binti alimwaga begi lake chini mbele ya wageni wote na kumwomba mtoto wao mmoja alikague. Mtoto yule akapekua kila kitu, mpaka ndani ya soksi.

"Hakuna," akatangaza.

Mjomba akafungua sanduku la chuma. "Haya, Kamanda," akasema. "Endelea na wengine."