Toa Spika, Ignas

Jumapili mchana, katika ukumbi wa video jirani na soko la Shinyanga, msichana wa kwenye filamu alikuwa anakata roho. Mtafsiri alishaishusha sauti yake ikawa ya msibani, akina dada wa benchi la mbele walishatoa leso, na muuza karanga alikuwa amesimama mdomo wazi, kikombe cha kupimia mkononi. Hapo hapo simu ya mtu ikaita.

Mwenye simu hakuizima. Aliipokea, tena akaweka spika.

"Ignas! Ng'wanawane, mwanangu! Mbuzi kazaa mapacha!"

"Mapacha, mama?"

"Mapacha gete, kabisa! Mmoja anafanana na baba yako!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Msichana wa kwenye filamu akafa bila wa kumlilia.

Dada mmoja akageuka. Alivaa gauni la kitenge cha njano, mabega yamesimama kama yanadai kitu. Huyo ndiye Elieth, fundi cherehani wa Ngokolo, na gauni lilikuwa la mkono wake mwenyewe.

"Kaka," alisema, "sisi tumelipa kiingilio tuone sinema. Ungetuambia mapema kuna uzazi, tungeleta uji."

"Simu ya mama haisubiri," mzee mmoja akatetea.

"Hata kama! Atoke nje apokee!"

"Akitoka, habari za mbuzi tutazipata wapi?"

Ubishi ulikwenda hivyo mpaka filamu ikaisha, na hakuna aliyejua muuaji alikamatwa au la.

Nje, Ignas alimsubiri mlangoni. Mrefu, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, ila buti zake zilikuwa na lile vumbi la machimboni lisilosikia brashi.

"Samahani, dada. Nimekuharibia kilio."

"Nilikuwa nimekaribia kabisa. Chozi lilishafika hapa."

Akamnunulia soda. Elieth alipokuwa akiongea, Ignas alimgeuzia uso mzima na kumkazia macho midomoni, kama mtu anayesubiri pale kitu cha thamani kitoke. Elieth alishatongozwa na wanaume waliokuwa wakitazama mpira, simu zao, na wanawake wengine waliokuwa wakipita. Huyu alimtazama yeye. Soda haikufika nusu, dada wa watu alikuwa ameshakwisha.

Ignas alifanya kazi kwenye karasha ya kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Katoro, Geita. Kwa hiyo mapenzi yao yaliishi kwenye simu.

"Ignas, mbona nasikia mwangwi? Umeniweka spika?"

"Hapana, kipenzi."

"Toa spika, Ignas. Mapenzi yangu si matangazo ya mnada."

"Nimetoa, mpenzi wangu."

Hakutoa. Alipanda juu ya kifusi, mbali na watu, akaendelea kula utamu. Kwa nini hakutoa, mama yake alijua; Elieth hakujua.

Mambo yakaiva. Elieth akapelekwa Mhunze kwa mama mtu, akapokelewa vizuri, akalishwa. Washenga wakapangiwa Jumamosi. Wiki hiyo hiyo Ignas akaja nyumbani Mhunze kwa maandalizi, na jioni moja, akiwa amekaa uani, Elieth akapiga.

"Upo peke yako?"

"Peke yangu. Mama kaenda kuchota maji."

"Basi nikwambie. Mama yako nampenda sana, ila ile michembe yake, viazi vikavu kama kuni! Nilitafuna mpaka taya likaomba likizo. Nikiolewa utanitetea, au utaniacha nizeeke bila meno?"

Ignas alicheka mpaka akashika tumbo. Nyuma yake hatua zilikuja, ndoo ikatuliwa chini kwa kishindo. Hakugeuka.

"Meno ni yako, mkwe," sauti ya mama ikaingia kwenye simu, taratibu. "Usiyahatarishe kwa ajili yangu."

Elieth akakata simu. Joto lilimpanda toka nyayo hadi masikio. Kumsema mama mkwe ni kosa, kumsema akiwa anasikia ni kosa lisilo na jina. Lakini kilichomuuma zaidi ni kingine: kumbe ile "nimetoa, mpenzi wangu" ilikuwa uongo. Maneno yote aliyomwambia kwa kunong'ona, nani mwingine aliyasikia? Karasha nzima? Akaizuia namba ya Ignas. Gauni la posa lililobaki kuwekwa vifungo akalitupia chini ya meza, kwenye mabaki ya vitambaa.

Ijumaa, Ignas akatokea kwenye banda la cherehani Ngokolo. Elieth hakusimamisha mashine. Klara, fundi mwenzake, akajifanya anatafuta uzi.

"Elieth, nisikilize."

Elieth akainua uso. "Niliposema toa spika, ulitoa lini?"

"Sikutoa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Kwa nini?"

Ignas akazungusha kofia mkononi. Elieth akarudisha macho kwenye kitambaa. Yule kijana alisimama akiusubiri ule uso urudi, haukurudi. Akavaa kofia, akatoka.

"Bado sijakufukuza," Elieth alisema, kichwa chini.

Buti hazikusimama.

"Ignas, nasema bado sijakufukuza! Kesho waje!"

Mgongo wa Ignas ulikuwa kizingitini tu. Ukaendelea kwenda.

"Kakusikia huyo," Klara akasema. "Kiburi tu."

Ignas aliingia barabarani. Bodaboda iliyokuja nyuma yake ikapiga honi, ikapiga tena. Mtaa mzima ukapiga kelele. Dereva akakata kona, mchanga ukaruka. "Wewe! Hayo masikio umeyavaa urembo?" Ignas alishtuka pale tu usukani ulipomgusa mkono wa shati.

Mguu wa Elieth ukasimama juu ya pedali. Spika. Mbuzi wale mapacha. Macho yale yaliyokuwa yakimtazama midomoni.

Alitoka mbio, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaenda kumsimamia mbele.

"Tangu lini?"

Ignas akatazama chini. Elieth akamwinua kidevu.

"Zamani nilikuwa mlipuaji wa baruti," akasema. "Sikio hili limekufa. Hili linasikia simu ikiwa kwenye spika tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Machimboni wananiita kiziwi, nacheka. Ungeniita wewe, ningechekaje?"

"Kwa hiyo siku ile ulivyonitazama mdomo, mimi nikajua ni mapenzi. Kumbe ulikuwa unasoma."

"Mwanzoni nilikuwa nasoma," Ignas akasema. "Baadaye hata ukinyamaza nilikuwa natazama."

"Lete simu hiyo."

Akapiga Mhunze, na spika akaiweka mwenyewe, pale pale kando ya barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Elieth. Wa michembe." Akavuta pumzi. "Mama, nimekosa."

"Ni migumu gete, ng'wanawane. Mimi mwenyewe huwa naimumunya. Ungeniambia, ningekuchemshia na karanga. Sasa, kesho waje wasije? Mshenga nimeshamwazimia koti, mwenyewe analidai."

Muuza viatu wa jirani akashindwa kuvumilia. "Dada, mambo ya nyumbani si mkayaongelee ndani? Mnatupigia kelele."

"Vumilia, kaka. Mimi nililipa kiingilio nikasikilizishwa mbuzi."

"Haloo?" simu ikadai. "Waje au wasije?"

Elieth hakuijibu simu. Alimgeukia Ignas uso mzima, akachezesha midomo polepole, bila sauti. Muuza viatu akanyoosha shingo, hakuambulia kitu. Klara, aliyekuwa ameshafika na uzi wake, naye hakuambulia.

"Kasema nini?" mama alipiga kelele kutoka Mhunze. "Ignas! Kasema nini?"

"Kasema waje, mama," akajibu Ignas, ambaye mtaa mzima ndiye peke yake aliyesikia.