Taa ya Wavuvi na Koili ya Odeta

Ilikuwa Jumamosi, mwaka tisini na tano, na duka la Shaibu mjini Mwanza lilijaa watu waliofuata redio za bei nafuu zilizoletwa na soko huria. Odeta, aliyekuwa akisuka upya waya za mota zilizoungua katika karakana moja ya mtaa wa Pasiansi, alishika rola la mwisho la waya wa shaba. Mkono mwingine ukalishika pia.

"Dada, tugawane," alisema kijana wa shati la maua lililonyooshwa pasi. Aliitwa Luhende, fundi redio.

"La nini kwako?"

"Natengeneza taa ya wavuvi, imezibwa kabisa maji yasiingie. Inachajiwa bila waya. Koili moja, yaani waya uliosukwa duara, inakaa mezani, nyingine ndani ya taa."

"Umeme unavuka? Mimi nasuka mota, sijawahi kuona hilo."

"Unavuka, ila mwingi unapotea njiani. Nisaidie kusuka, basi."

Miezi miwili walisuka pamoja kila Jumapili baada ya ibada. Odeta alimpenda mpaka akawa anaunguza wali. Kisha siku moja akakuta koili yake imeguswa. Luhende alikuwa ameongeza mizunguko arobaini ya waya bila kumuuliza. Kwa wasuka mota, kugusa kazi ya mwenzio ni kumwambia hajui kazi. Odeta alichukua kanga yake akaondoka.

Wiki tatu zikapita. Alimkumbuka mpaka vidole vikawa vinakosea hesabu. Lakini Luhende alipopiga simu ya karakana, Odeta alimwambia mzee Ndalahwa, bosi wake, "Mwambie nimeenda Magu."

Mara ya nne mzee alichoka, akamnyooshea Odeta simu. "Magu imehamia hapa. Shika."

"Odeta, mpenzi, usikate. Koili yako haikuwa na kosa. Masafa ya koili yangu na yako hayakulingana, kapasita yangu, ile inayopanga masafa, ndiyo ilikuwa mbovu. Nimetoa ile mizunguko arobaini, nimebadilisha kapasita. Sasa taa inawaka vizuri hata nikiiinua shibiri nzima."

"Hongera. Sasa mimi unanitafutia nini?"

"Nakutaka wewe. Taa ningeiacha."

"Kweli ungeiacha?"

Luhende alikiri: "Hapana. Ila ningeitengeneza huku nakulilia."

Odeta alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo.

"Nami nimekukumbuka, Luhende. Sana. Lakini ukitaka kugusa kitu changu, uliza kwanza."

"Basi nauliza. Nilete mshenga kwenu?"

Mzee Ndalahwa alijifanya anapanga bisibisi.

"Mlete," alisema Odeta.