Viti Saba vya Chuo Kimoja

Mkufunzi alirudi nyumbani jioni, miguu imevimba. Alikuwa amekaa kwenye basi kwa muda wa saa tisa. Mumewe, fundi cherehani, aliweka kando suruali aliyokuwa akiipinda, akamletea beseni la maji ya uvuguvugu.

"Mkutano ulikwendaje, mama watoto?"

"Kama kawaida. Mwenyekiti akauliza, 'Tuendelee na viongozi walewale?' Waliokaa mbele wakapiga makofi. Basi."

Mkufunzi alifundisha jiografia katika chuo kidogo cha ualimu. Chama chao cha wataalamu wa jiografia kilikuwa na viongozi saba. Wote walikuwa wanaume, na wote walitoka chuo kikuu kimoja. Mkutano nao ulifanyika hukohuko kila mwaka.

Mumewe alicheka. "Watu wa ramani nyinyi, lakini nchi yenu ina mji mmoja tu!"

Mkufunzi hakucheka. "Mwaka wa tisa huu. Nimechoka, baba. Kesho naandika barua ya kujitoa."

Jirani yao, karani mstaafu wa chama cha wauguzi, alikuwa amekuja kuchukua gauni lake.

"Pole, mwanangu. Katiba ya chama unayo?"

Ilikuwepo, chini kabisa kabatini, imejaa vumbi. Jirani alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa. Tawi lolote laweza kupendekeza majina kwa maandishi, siku thelathini kabla ya mkutano. Asiyeweza kufika apige kura kwa barua. Mmewahi kutuma?"

"Hatukujua, mama."

"Labda na wao wamesahau. Si lazima wawe na nia mbaya. Mtu humchagua anayemwona. Msipoonekana, hata shida zenu hazionekani. Ila usiende peke yako. Waandikie wenzako."

Aliandikia vyuo kumi na vinne vyenye matawi ya chama. Vitano havikujibu kabisa. Tisa vilituma majina, kisha kura.

Mwaka uliofuata alirudi na basi lilelile, miguu imevimba vilevile.

"Enhe?" mumewe aliuliza.

"Viti vitatu. Mimi, mama mmoja wa chuo cha mpakani, na mwenzetu asiyeona."

"Mbona hufurahi?"

"Ngoja nipumzike kwanza." Alitumbukiza miguu majini, akafumba macho. "Mkutano ujao utakuwa hapa, chuoni kwetu. Safari hii basi watapanda wao."

Mumewe aliitazama ile miguu.

"Basi itabidi ninunue mabeseni mengine."