Boksi Lililotoweka Kabatini

Kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni kabla ya alfajiri. Binti wa nyumba alikisikia, akajigeuza kitandani, kisha akaona bora aamke. Jikoni hakukuta mtu. Palikuwa na sufuria ya maji ya uvuguvugu, na kabati la ukutani lilikuwa wazi. Boksi la mifuko ya mama yake halikuwemo.

Alipiga simu polisi hata kabla ya kunawa uso.

Mama yake alikuwa amepasuliwa utumbo. Tangu hapo haja kubwa ilipitia tundu dogo ubavuni mwa tumbo, ikaingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Mifuko ilitoka hospitali, na madukani haikupatikana. Muuguzi alikuja kila mara kuibadilisha, naye alikuwa na ufunguo wa kabati. Basi yeye ndiye aliyenyooshewa kidole. Kufikia jioni hospitali ilikuwa imemsimamisha kazi.

Kesi ikaangukia mikononi mwa Inspekta mmoja, mwanamke wa makamo ambaye wenzake kituoni walimwita Taratibu. Hakuwahi kumharakisha mtu.

Alianza na muuguzi, aliyefika kituoni na macho mekundu.

"Uliichukua mifuko?"

"Hapana, afande. Nikiipeleka wapi? Yule mama ni kama mzazi wangu."

"Labda alibakiwa na akiba chumbani?"

"Sikuacha hata mmoja. Na angekuwa nayo asingeweza kujibadilishia. Mikono yake inatetemeka, na kila mfuko lazima ukatwe tundu la kumtosha mgonjwa. Likizidi, uchafu unagusa ngozi na kuiunguza." Akafuta pua. "Sijui hali yake sasa. Hilo ndilo linaninyima usingizi."

Inspekta aliandika machache. Mtu aliyekuwa karibu kupoteza kazi alikuwa analilia ngozi ya mgonjwa.

Siku iliyofuata alikwenda nyumbani kule. Kufuli la kabati halikuwa limevunjwa. Ufunguo wa pili ulining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu yeyote wa nyumba angeufikia.

"Nani alikuwa jikoni alfajiri ile?" alimuuliza binti.

"Baba. Alisema anachemsha maji ya chai."

"Ulimwona akinywa?"

Binti akafikiri. "Hapana. Lakini afande, nakuomba, mama hajui lolote kuhusu wizi. Tumemwambia nesi yuko likizo. Akishtuka hataki kula, na ndiyo kwanza ameanza kurudisha mwili."

"Na mfuko anaouvaa sasa umetoka wapi?"

"Baba anasema nesi alituachia akiba."

Inspekta alitoka uani, akainamia ndoo ya taka. Ndani ya gazeti lililokunjwa vizuri alikuta vipande vya mviringo, vyenye gundi upande mmoja. Kingo zake zilikuwa na vijino vijino, kama vilivyokatwa na mtu anayeogopa kukosea.

Kisha akaingia kwa mgonjwa kama mgeni wa kawaida. Chumba kilinukia sabuni. Shuka lilikuwa limenyooshwa mpaka pembeni. Mama alikuwa akila viazi vilivyopondwa laini, kijiko kidogo kidogo.

"Mfuko hausumbui, mama?"

"Hata kidogo. Umebadilishwa leo asubuhi." Mama akaona haya, akavuta shuka hadi kidevuni. "Na mtu ambaye sikumtarajia kabisa."

Mzee, mumewe, alikuwa uani, akijifanya anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Mzee wangu, boksi liko wapi?"

"Boksi gani?"

"Lile lenye mifuko inayokatwa kwa mkasi butu wa jikoni."

Ufagio ukasimama.

"Chini ya kochi," alisema. "Ninapolala."

"Kwa nini kwenye kochi?"

"Alinifukuza chumbani, afande. Tangu arudi hospitali. Alimwapisha nesi kwamba mimi nisimwone tumbo lake lilivyo. Miaka yote hii, tumezaa, tumezika, leo ananionea haya! Nesi akiingia mlango unafungwa. Mimi nimebaki nje nasikiliza: osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha, pima, kata. Nikakariri yote."

"Halafu?"

"Alfajiri ile nikamsikia analia taratibu. Mfuko ulikuwa umevuja. Nikachukua boksi, nikamwambia nesi hayupo, niachie mimi. Akaniachia." Akaegemea ufagio. "Nikalificha lililobaki. Nilijua nesi akikosa mifuko atarudi hospitali kuagiza mingine, nami nitapata siku chache za kumtunza mwenyewe. Polisi sikuwawazia. Nikaogopa kusema, mke wangu asije akaufunga mlango tena."

"Umemponza nesi, binti wa watu, mzee."

"Najua. Ndiyo maana nafagia hovyo."

Dirisha la chumba cha mgonjwa lilikuwa wazi. Sauti ya mama ikatoka ndani, yenye nguvu ambayo nyumba ilikuwa haijaisikia siku nyingi.

"We baba watoto! Eti nesi yuko likizo? Vaa shati safi, beba boksi lako, ukaseme mwenyewe hospitali! Na ukirudi, hilo kochi liachie paka!"

Mzee alikwenda na Inspekta. Mbele ya muuguzi mkuu alisema yote, hakuruka kitu, na muuguzi alirudishwa kazini palepale. Muuguzi akamgeukia mzee, akacheka huku machozi yakimtoka.

Kesho yake alipofika kwa mgonjwa, mlango wa chumba haukufungwa. Alikagua ngozi pande zote, mzee akiwa amesimama wima kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa.

"Tundu ulilokata limepinda kidogo, baba. Nitakuletea mkasi wa maana. Lakini ngozi ni nzima kabisa." Akafunga mkoba wake. "Mama, naona hapa sina kazi tena."

Mama alimshika mkono, hakuuachia.

"Basi uje siku isiyo na kazi, mwanangu. Uje tukae tu. Na usichelewe, maana huyu mzee sasa kila saa anataka kunikagua."