Mwache Alale

Shati kuungua si habari. Dobi gani hajawahi kuunguza shati? Lakini shati la mchana ule liliungua mpaka pasi ikalitoboa na kuanza kula meza, chumba kikajaa moshi, na aliyeshika pasi hakutikisika. Alikuwa amesimama wima, mkono kwenye mpini, macho nusu wazi, kidevu kimeshuka kifuani. Alikuwa amelala.

Dada yake alikuwa uani akianika. Akaingia mbio, akachomoa waya ukutani.

"We! Unataka kutuchoma wote?"

Akamshika bega ili amtikise, na papo hapo, kutoka nyuma ya mashuka yaliyotundikwa kwenye kona ya chumba, akasikia sauti ya mama yao, ile ile ya siku zote, ya chini na ya huruma.

"Mwache alale."

Basi akamwacha. Akamketisha sakafuni, akamwegemeza ukutani, akatoka kwa kunyata. Alipofika kwenye kamba ya nguo, mkono ukiwa tayari umeinuka na kibanio, ndipo alipokumbuka kwamba mama alikuwa ametoka asubuhi kupeleka nguo za wateja na alikuwa hajarudi.

Hapo lazima niseme kitu kuhusu nyumba ile, maana bila hicho mtamlaumu bure. Marehemu baba yao alikuwa dobi, akiamka kabla ya majogoo, na sheria yake ndani ya nyumba ilikuwa moja tu: aliyelala haamshwi. Awe mtoto, awe mgeni, hata nyumba ikivuja, mtasogeza ndoo kimyakimya. Alipokufa, mkewe aliishika sheria hiyo kama amana. Watu wa nyumba ile walijifunza kunyata kabla ya kujifunza kukimbia.

Mdogo mtu, yule aliyelala na pasi mkononi, walimwita Kola, kwa sababu kola aliyoipiga pasi yeye ilisimama hata mwenye shati akiwa amelewa chakari. Kwamba Kola anavuta unga, nyumbani walijua. Walishalia, walishagombana, alishaapa kuacha na kurudia, mpaka wakachoka. Lakini zamani Kola akisinzia kwa unga, ukimwita anashtuka, anajikuna, anakudanganya kwamba alikuwa anawaza. Huu usingizi mpya haukuwa hivyo. Ulikuwa unamwangusha kama gunia, na dada alianza kuuogopa kuliko alivyouogopa unga wenyewe.

Halafu ikaja harufu. Nguo zilizosahaulika majini unazijua zinavyonuka. Hii ilikuwa hiyo, na juu yake utamu fulani wa wodini. Dada alifua upya kila kitu, akamwaga dawa sakafuni, wapi! Na kila Kola alipolala, pumzi zilisikika chumbani, ndefu, za mtu aliyeshiba, ila hazikutoka alikolala Kola. Zilitoka kwenye mashuka.

Siku moja Kola mwenyewe alipandisha mguu wa suruali. Muundini palikuwa na kidonda, kingo nyekundu, katikati cheusi tii.

"Umejichoma sindano?"

"Sijawahi kushika sindano, dada, navuta tu. Unajua hilo." Alikuwa ananong'ona, macho kwenye kona. "Ananila nikilala."

"Nani?"

"Huyo anayenilaza. Zamani nilikuwa nalala mwenyewe."

Dada akashusha ile suruali haraka, akaona aibu kwa kuishusha.

Mama akaleta mganga. Mzee wa watu alikuja na mkoba na maneno mengi, akafukiza, akainamia kifua cha Kola aliyekuwa amelala fofofo. Sauti ikasema, mwache alale. Mganga akainua uso.

"Nani kasema?"

"Mimi," mama akajibu kwa mazoea tu.

"Hapana, mama. Mdomo wako ulikuwa umefumba, nilikuwa nakutazama." Akaanza kukusanya vitu vyake. "Huyu si wa ubani. Hajaja na upepo. Kijana wenu anamleta mwenyewe mfukoni, leo nikimtoa kesho anamleta mwingine. Nendeni kliniki, wanangu. Msipoteze muda na mimi."

Aliondoka peku. Viatu vyake viko pale mpaka leo.

Kola alikataa kwenda, kwa hiyo dada akaenda peke yake. Muuguzi wa kliniki alimsikiliza bila kucheka, hata alipofika kwenye sauti.

"Unga wa siku hizi umechanganywa," alisema. "Wanatia dawa za usingizi, zile za kumlaza ng'ombe apasuliwe. Anayenunua hajui, na pengine hata anayeuza hajui. Vidonda hivyo tunaviona kila siku." Akamwekea mkononi kichupa kidogo. "Ukimkuta hapumui, mpulizie hii puani. Itaushika unga, pumzi itarudi. Lakini ile ya ng'ombe haitaishika. Anaweza kupumua na bado asiamke. Wewe usihangaike na macho, tazama kifua. Kisipopanda, mpe pumzi yako kwa mdomo, na uite gari la wagonjwa. Usimwache peke yake."

"Kwetu aliyelala haamshwi," dada akasema, na machozi yakamtoka.

"Basi hiyo sheria ifuteni leo."

Haikufutwa siku ile. Sheria ya marehemu haifutwi kirahisi. Dada alikitundika kichupa kwenye msumari mlangoni, akamwonyesha mama, na habari ya sheria hakuigusa.

Ikaja adhuhuri moja ya joto. Mtaa mzima ulikuwa umetulia, na hata mashine ya kinyozi, jirani wa ukuta mmoja, ilikuwa kimya. Dada alikuwa anakunja nguo alipogundua kwamba hasikii pasi. Akaita kwa sauti ya chini, asijibiwe, akaingia kati ya mashuka, akasogeza la kwanza na la pili, na kila aliposogeza moja mbele yake palikuwa na jingine, zito, lenye maji, wakati yote aliyaanika yakakauka tangu jana, na zile pumzi za kushiba zikawa zinakuja karibu, mbele, kisha kando, kisha juu ya kichwa chake, mpaka mguu wake ukagonga mguu wa mtu na akamwona ndugu yake chali juu ya rundo la nguo, amefunikwa shuka gubigubi, na juu ya kifua chake shuka hilo limevimba kwa umbo la kitu kilichokaa.

Akalivuta. Hapakuwa na kitu. Midomo ya Kola ilikuwa ya majivu na kifua hakipandi, na bado mtu alikuwa anapumua mle ndani.

"Mwache alale, mwanangu. Amechoka."

Akageuka. Mama, mama mwenyewe wa kweli, alikuwa amesimama mlangoni, kidole mdomoni.

"Mwache ala—" akanong'ona, na sauti zote mbili zikagongana hewani. Mama akazisikia. Uso ukamparama.

"Simwachi!" dada akapiga kelele. "Mama, hapumui! Lete kichupa! Kichupa!"

Mama alirusha kichupa, dada akapuliza puani, akaziba pua kwa vidole, akaweka mdomo wake juu ya mdomo baridi wa ndugu yake na kumpa pumzi. Ya kwanza ilirudi ikinuka wodi. Akampa tena, na tena, akilia, mpaka kifua kikapanda chenyewe. Kikashuka. Kikapanda. Macho hayakufunguka.

"Umeona?" ile sauti ikasema, tamu kabisa sasa. "Ameshapona. Sasa mwache alale."

Ee Mungu, na jinsi mtu alivyotaka kuamini! Lakini dada aliweka kiganja kwenye kile kifua na hakukiondoa. Na mama, ambaye hakuwahi kupaza sauti ndani ya nyumba ile tangu alipoolewa, alitoka barabarani akimwita kinyozi apige simu, kisha akarudi, akashika beseni la bati na kulipiga kwa mwiko wa kuchemshia nguo, akiita jina la mwanawe, akitukana kile kitu matusi ambayo sitayaandika, mpaka gari la wagonjwa likafika.

Hospitalini Kola alitetemeka, akatapika, moyo ukamwenda mbio hata mashine zikalia. Kulikuwa na saa alizoomba arudishiwe usingizi wake, na sauti aliyoombea haikuwa yake. Madaktari walimshikilia kwa dawa, na dada alimshika mkono. Alipotoka, akaanza kwenda kliniki kila asubuhi kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia aache unga, na muuguzi akimfunga vidonda. Kimoja kikaanza kuota nyama, kisha kingine.

Nyumbani sheria ikageuka. Mtu akitulia kidogo, anaitwa. "Upo?" "Nipo!" Kutwa nzima, upo, nipo. Kinyozi, ambaye siku hizi alivaa mikono mirefu hata kwenye joto, aliwacheka kupitia ukutani.

"Jamani, tunasinzia hapa! Nyumba yenu imekuwa stendi?"

Jana mchana walikuwa wote watatu mezani. Kola anapiga kola, dada anakunja, mama amejaza maji mdomoni, mashavu yamevimba, tayari kuipulizia suruali kama madobi wa zamani. Harufu ikaja kwanza. Dada akatazama mashuka. Yalikuwa yametulia. Ilikuwa inapenya ukutani, kutoka kwa kinyozi.

"Mwache alale," sauti ya mama ikasema kule ng'ambo.

Mama akawatazama wanawe, mdomo bado umejaa maji.

Kola ndiye aliyetangulia. Alinyakua kichupa kwenye msumari, akatoka, akafika kwenye mlango wa kinyozi. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akaupiga kwa kiganja.

"Kinyozi! Upo?"

Jibu likaja mara moja, la chini na la huruma, kwa sauti ya mama yake.

"Nipo."

Kola akarudi nyuma hatua moja, akaupiga mlango kwa bega.