Pazia Lilitoka Kali Kuliko Uso

Mtaani kwao hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Tulia. Yeye ni mpiga picha, na kila anapotaka kubonyeza kitufe husema, "Tulia! Tulia!" Wazee anawaambia tulia. Hata watoto wachanga anawaambia tulia.

Studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba. Ina kiti kimoja, taa mbili na pazia la maua nyuma ya kiti. Mume wake huchapa picha na kuziwekea fremu. Naye wanamwita Bwana Fremu.

Siku moja walipata kazi ya heshima. Zahanati ilitaka picha ya wakunga wake wastaafu. Picha yenyewe iwe kubwa kama mlango, itundikwe pale wagonjwa wanapoingilia.

"Tutumie kamera gani?" Bwana Fremu aliuliza.

Binti yao, kifungua mimba, alikuwa na kamera mpya. Ya Mama Tulia ilikuwa ya zamani, rangi imebanduka pale anapoishika.

Mama Tulia alipokwenda sokoni, mumewe aliamua kuzishindanisha. Alimwita dada yake, ambaye ni mmoja wa wakunga hao. Akamkalisha pembeni kidogo ya picha ili maua ya pazia yaonekane. Akaweka kamera ya zamani juu ya stendi ya miguu mitatu, akabonyeza. Akaweka ile mpya mahali pale pale, akabonyeza. Kisha akachapa picha zote mbili kwa ukubwa mmoja.

Mama Tulia aliporudi alizikuta mezani. Kwenye picha ya kamera ya binti, hata kope za wifi yake zilionekana. Kwenye picha ya kamera yake, uso ulikuwa na ukungu mtupu.

"Umeona mwenyewe, mke wangu," Bwana Fremu alisema. "Kamera yako imekula chumvi nyingi. Picha ya zahanati apige mtoto."

"Mimi nimetoka kama mzuka!" wifi alilalamika. "Watu watadhani nilishakufa."

Mama Tulia hakucheka. Nusu ya mtaa ule ilipigwa picha kwa kamera hiyo. Aliifuta vumbi taratibu, akaitia kwenye mfuko wake na kuufunga.

"Haya," alisema. "Kama yenyewe imekwisha, na mimi nimekwisha. Apige mwanangu."

"Mama, sitaki kukupokonya kazi," binti alisema.

"Hujanipokonya. Umri ndio umenipokonya."

Iliuma sana kumsikia mwanamke yule akisema hivyo, maana kazi yake ndiyo ilikuwa fahari yake.

Jirani yao, fundi miwani, aliingia kuchukua fremu yake. Alikuta nyuso zimenuna.

"Kwani kuna msiba?" aliuliza.

Walimwonyesha zile picha. Alitoa kioo cha kukuzia kwenye mkoba, akainama juu ya meza. Alitazama kwa muda mrefu.

"Bwana Fremu, ukungu huu uko kote au usoni tu?"

"Kote."

"Una hakika? Njoo utazame pazia."

Bwana Fremu alitazama. Nyuzi za pazia zilionekana mmoja mmoja.

"Makubwa!" alisema. "Pazia limetoka kali kuliko uso."

"Lenzi mbovu ingeharibu na pazia pia," fundi miwani alisema. "Hii imeona vizuri kabisa. Tatizo imetazama pazia badala ya wifi. Nyoosha kidole gumba mbele ya uso wako. Kikazie macho. Ukuta ulioko nyuma yake unauonaje?"

"Una ukungu."

"Sasa ukazie macho ukuta."

"Kidole nacho kimekuwa na ukungu!"

"Na macho ni yale yale, sijakubadilishia. Kamera nayo ina umbali mmoja inaouona vizuri zaidi. Kuuweka umbali huo sawa ndiko kuweka fokasi. Fokasi ikikosea, kamera nzuri hutoa picha mbaya. Wewe ulidhani unalinganisha kamera. Umelinganisha fokasi."

"Lakini zote nilizibonyeza sawasawa!" Bwana Fremu alijitetea.

Mama Tulia aliinua kichwa. "Ulibonyeza moja kwa moja?"

"Ndiyo. Kwani hubonyezwa vipi?"

"Ya mtoto hutafuta uso yenyewe. Yangu hutazama katikati tu, na wewe katikati umeweka pazia! Mimi huelekeza katikati kwenye jicho la mtu. Nabonyeza kitufe nusu, fokasi inajifunga. Nikiwa nimeshikilia hivyo, nageuza kamera mpaka picha ikae vizuri. Halafu ndiyo namalizia kubonyeza."

"Na hapo unaposhikilia ndipo unaposema tulia?" binti aliuliza.

"Ndiyo. Nakiambia kidole changu kisiteleze. Kwani nyie mlidhani nasema na nani?"

"Wifi!" wifi alipiga kelele. "Miaka yote hii nabana pumzi bure!"

Walicheka mpaka fundi miwani akavua miwani kufuta machozi.

"Turudie kwa haki," alisema.

Walibandika ukurasa wa gazeti ukutani, ukalala bapa bila kukunjamana. Waliweka stendi ikitazama gazeti moja kwa moja, wala hawakuisogeza tena. Mwanga ulikuwa ule ule, na tundu la kupitishia mwanga kwenye lenzi zote mbili lilifunguliwa sawa. Kila kamera ilipiga picha kadhaa, na kabla ya kila picha waliweka fokasi upya.

"Kwa nini moja haitoshi?" binti aliuliza.

"Fokasi humkosea hata mpiga picha hodari," fundi miwani alijibu. "Picha moja inaweza kuwa bahati tu. Chukua iliyo kali kuliko zote kutoka kila kamera, ndizo uzilinganishe. Tena tazama mahali pale pale kwenye picha zote mbili."

Walifanya hivyo. Herufi ndogo za gazeti zilisomeka kwenye picha zote mbili. Walimpiga wifi vilevile, fokasi ikiwa kwenye jicho lake, na kope zake zikaonekana kwenye zote. Walipozima taa, ndipo kamera ya zamani ilipotoa picha yenye chengachenga, na ile mpya ikatoa picha safi.

"Gizani mwanangu amenishinda, sikatai," Mama Tulia alisema.

"Zahanati tutapiga nje, asubuhi," binti alijibu.

Bwana Fremu alifungua ule mfuko, akamkabidhi mkewe kamera kwa mikono miwili.

"Nililaumu kamera, kumbe kosa ni langu. Nisamehe, mama watoto. Tupigie wewe."

Wakunga walisimama mstari mmoja uani kwa zahanati. Mama Tulia alipiga, akaweka fokasi upya, akapiga tena. Binti alikuza kila picha na kukagua macho ya kila mkunga kabla hawajamruhusu mtu kuondoka.

Siku picha ilipotundikwa, watu walijaa mlangoni. Dereva mmoja mwenye ndevu nyingi aliipitia sura moja baada ya nyingine. Alipofika kwa wifi, alisogea karibu.

"Huyu hapa! Mama yangu aliniambia ana kakovu juu ya nyusi. Ndiye aliyenizalisha… yaani, ndiye aliyenipokea!" Watu waliangua kicheko, naye hakujali. "Nani kaipiga picha hii?"

"Nimeipiga mimi," alisema Mama Tulia, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.